Mama anauliza yuko upande gani

Dada alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, mfupi kuliko hata salamu zake za kila siku. "Majibu yametoka. Ninayo tena." Basi. Wote tulionekana tumeshausikiliza, lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejibu.

Dada ni muuguzi. Mwaka jana, katika wimbi la kwanza, aliugua yeye, mama akafuata, na wote wawili wakapona. Tangu hapo tukawahesabu kuwa wamemalizana na korona.

Jioni mama akanipigia. Hakuuliza hali ya dada. Hiyo alikuwa ameshaipata kwa mwenyewe. Aliuliza hivi: "Sasa mimi niko upande gani, mwanangu? Wa waliokwisha kuumwa, au wa wanaongoja kuumwa?"

Nikamwambia anipe muda nitafute jibu.

Sasa ni mwishoni mwa Machi 2021. Dada amepona mara ya pili, na swali la mama bado linaniamsha usiku. Nimesoma kila nilichoweza kukielewa, na visivyoeleweka nimempelekea dada, hata alipokuwa bado anakohoa.

## Waliokwisha kuvuka

Mama na dada walipopona, ndio waliokuwa mikono yetu. Shangazi alipougua, aliyekwenda kukaa naye chumbani ni mama. Sisi wengine tulisimama nje, tukazungumza naye kupitia dirishani. Mtu lazima aingie, na ilikuwa afadhali aingie aliyekwisha kuvuka.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeonya tangu Aprili 2020 kwamba hakujapatikana ushahidi kuwa aliyepona na mwenye kingamwili, zile silaha ambazo mwili huziunda dhidi ya kirusi, amekingwa asiambukizwe tena. Baadhi ya serikali wakati huo zilikuwa zikiwaza kutoa vyeti vya kinga, ili waliopona warudi kazini. Onyo lile lilikuwa la haki. Lakini mgonjwa aliye peke yake chumbani hawezi kungoja ushahidi ukamilike.

Kuna jambo jingine lililokuwa chini ya hesabu yetu, na limenichukua wiki hizi zote kulitamka.

Nakumbuka zile siku za mama. Dada naye akiwa mgonjwa, amelala chumba cha pili, anatuelekeza kwa simu namna ya kuhesabu pumzi za mama kwa dakika, namna ya kumlaza kifudifudi, namna ya kusoma kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobana kidole. Namba ikishuka, sote tunanyamaza. Ikipanda kidogo, mtu anacheka bila sababu.

Baada ya usiku kama ule, moyo unakataa kuamini kwamba yote yalikuwa bure. Nilitaka mateso ya mama yawe yamemnunulia kitu. Nilitaka ugonjwa uwe umemlipa.

## Tulichozoeshwa na surua

Matumaini hayo hayakutoka hewani. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, ambako haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781. Watu kama 7,800 waliishi huko, na zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana aliyetumwa kuchunguza, Peter Panum, aligundua kwamba wazee waliougua surua wakiwa watoto miaka 65 iliyotangulia hawakuguswa. Miili yao ilikuwa imeikumbuka surua kwa umri mzima, bila kukutana nayo tena katikati.

Wengi wetu tumelelewa ndani ya kanuni hiyo. Ukiugua surua, umemaliza.

Lakini korona ina ndugu zake, na tabia za ndugu hao zinajulikana. Kabla ya ugonjwa huu kulikuwa na virusi vinne vya jamii ya korona vinavyozunguka miongoni mwa watu na kuleta mafua ya kawaida. Watafiti wa Amsterdam walichunguza damu iliyohifadhiwa ya wanaume kumi waliofuatiliwa tangu miaka ya 1980, wakakuta kwamba mtu huambukizwa tena na kirusi kilekile, na mara nyingi ni baada ya miezi kumi na miwili tu. Uingereza nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, watu waliojitolea walitiwa kirusi kimojawapo puani, kisha wakatiwa tena baada ya mwaka. Wengi wa wale walioambukizwa mwanzo waliambukizwa tena. Ila mara ya pili hakuna aliyeugua mafua.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeisoma mara nyingi.

Waliambukizwa, lakini hawakuumwa. Mimi nilikuwa nimeyachukulia hayo mawili kuwa kitu kimoja.

## Hong Kong, kisha Nevada

Hofu ya kuugua mara ya pili ilianza mapema, na mwanzo wake haukuwa wa kweli. Aprili 2020 Korea Kusini iliripoti mamia ya watu waliopona ambao vipimo vyao vilionyesha tena kuwa wana virusi. Dunia ikashtuka. Baadaye ikabainika kwamba vipimo vilikuwa vikinasa mabaki ya virusi vilivyokufa, na watu wale hawakuwa wanaambukiza. Nakumbuka nafuu niliyoisikia.

Mnamo Agosti 24, 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong wakatangaza habari nyingine. Mwanaume wa miaka 33, aliyeugua mwezi Machi akapona, alipimwa uwanja wa ndege akirejea kutoka Ulaya na kukutwa na virusi. Safari hii vinasaba vililinganishwa: kirusi cha Agosti kilikuwa tofauti na cha Machi. Hayakuwa mabaki. Lakini mtu mwenyewe hakuhisi chochote. Pasingekuwa na upimaji pale uwanjani, asingejua. Nikasema, basi, ni kama wale wa mafua: mlinzi amelala mlangoni, ila ameamka mwizi alipogusa sanduku.

Siku chache baadaye ikaja habari ya Nevada, Marekani. Kijana wa miaka 25, alikutwa na virusi Aprili, akapona, akapimwa tena Juni. Vinasaba tofauti. Na mara ya pili aliumwa zaidi ya mara ya kwanza, hadi akawekewa oksijeni. Kisha Oktoba tukasikia ya Uholanzi: bibi wa miaka 89, mgonjwa wa saratani ya damu, aliyeambukizwa mara ya pili na kufariki.

Kwa hiyo dada alipotuambia "ninayo tena", mimi nilikuwa na njia mbili kichwani na sikujua yuko kwenye ipi.

Alikuwa kwenye ile nyepesi. Homa ya usiku mmoja, kikohozi, uchovu uliokaa kidogo. Mara ya kwanza alishindwa kupanda ngazi kwa wiki nyingi. Lakini je, ni mwili wake uliokumbuka? Au alikutana na virusi vichache, kwa vile sasa amefundishwa kuvaa barakoa ipasavyo na ana glavu za kutosha? Hakuna aliyesoma vinasaba vya kirusi chake, wala cha kwanza wala cha pili. Katika takwimu, huyu hayumo popote. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kueleza. Tunahesabu marudio machache yaliyothibitishwa duniani, na kuthibitisha kunahitaji maabara ambayo sehemu nyingi haziwezi kuifikia.

Dada mwenyewe alinieleza kwa namna iliyonituliza kiasi. Kingamwili zinazoelea kwenye damu hushuka baada ya miezi. Hiyo ni kawaida, mwili hauwezi kubaki umejaa silaha za kila ugonjwa uliopata kuuona. Kinachobaki ni seli za kumbukumbu. Zikimwona adui tena huamka na kuanza kuzaliana, lakini zinahitaji siku kadhaa. Katika siku hizo kirusi kinaweza kuishi puani, kipimo kikakiona, na ukamwambukiza jirani yako. Kufika kwenye mapafu ndiko kunakuwa kugumu. Waliougua SARS ya mwaka 2003, ugonjwa mwingine wa jamii ya korona, walikutwa na seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, zinazoikumbuka miaka 17 baadaye.

"Kwa hiyo kumbukumbu ipo," nikamwambia.

"Ipo," akasema. "Ila usimwambie mama hivyo tu halafu ukanyamaza."

## Namba mbili tofauti

Januari mwaka huu Uingereza ilitoa matokeo ya kwanza ya utafiti wa wafanyakazi wa afya, watu kama dada. Kati ya 6,614 waliokuwa na ushahidi wa kuambukizwa zamani, 44 walionekana huenda wameambukizwa tena. Ukilinganisha na wenzao ambao hawakuwa wameugua, kuugua kuliwapunguzia uwezekano kwa asilimia 83, kwa miezi mitano angalau. Watafiti wakaongeza kwamba baadhi ya hao walioambukizwa tena walikuwa na virusi vingi puani na kooni, vya kutosha kuwapa wengine.

Asilimia 83 ni kubwa. Niliposoma namba hiyo nilikaribia kumpigia mama simu palepale.

Nilichelewa, na katikati ya mwezi huu yakaja matokeo ya Denmark, nchi iliyopima watu wake wengi kuliko karibu zote. Walilinganisha wimbi la kwanza na la pili la mwaka jana. Kwa watu wote kwa jumla, kuugua mara ya kwanza kulikinga kwa asilimia 80 hivi. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea, asilimia 47.

Mama ana zaidi ya miaka 65.

Nilikaa na namba hiyo muda mrefu. Wazee kinga yao huzeeka nao. Kila mtu anajua hivyo kwa juu juu. Lakini kuiona imeandikwa, na kujua kwamba ndani ya ile 47 yumo mama aliyetumwa chumbani kwa shangazi, ni jambo jingine. Wale ambao kuugua kuliwagharimu zaidi ndio ambao kuugua kumewalipa kidogo. Sikuwa na mahali pa kuipeleka hasira hiyo. Hakuna aliyefanya kosa. Ni miili tu ilivyo.

## Manaus

Kuna neno ambalo mwaka jana lilisemwa sana: kinga ya jamii. Waache watu waugue, wazee wafichwe, na wakishaugua wengi ugonjwa utakosa pa kwenda. Liliposemwa na watu wenye shahada nyingi lilikuwa na sauti ya hekima.

Mji wa Manaus, Brazili, ulilijaribu neno hilo bila kupenda. Aprili na Mei 2020 makaburi yalichimbwa kwa matrekta. Watafiti waliopima damu za wachangia damu walikadiria kwamba kufikia Oktoba asilimia 76 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kama kuna mji ulikuwa umelipa deni lote, ni huo.

Januari 2021 ugonjwa ukarudi, ukiwa umebeba kirusi kilichobadilika. Hospitali zikaishiwa oksijeni katikati ya mwezi huo. Ndugu za wagonjwa walitafuta mitungi wenyewe, wakapanga foleni kuijaza. Wataalamu bado wanabishana kilichotokea: pengine ile asilimia 76 ilizidishwa, pengine kinga ya watu ilikuwa imefifia, pengine kirusi kipya kinaikwepa, pengine yote kwa pamoja. Afrika Kusini nako, katika majaribio ya chanjo ya Novavax, miongoni mwa waliochomwa sindano isiyo na chanjo, wale waliokwisha kuugua zamani waliambukizwa kirusi kipya karibu sawa na wale ambao hawakuwahi kuugua.

Hapo ndipo nilipogeuka.

Hadi wakati huo swali langu lilikuwa la kipimo: kinga ya kuugua inadumu miezi mingapi, inazuia asilimia ngapi. Baada ya Manaus niliona kwamba hata jibu lingekuwa zuri, bei yake ingebaki ileile. Kila kinga iliyopatikana kwa kuugua ilipatikana mtu akiwa amelala kifudifudi na mwingine akimhesabia pumzi. Mama alivuka. Wapo waliolala jirani naye katika takwimu za mwezi uleule ambao hawakuvuka. Kuiita hiyo njia ya kinga ni kuwasahau hao.

Sitaki tena ugonjwa umlipe mama. Nataka asiwe alilazimika kuununua ulinzi kwa namna ile, na nataka asilazimike tena.

## Novemba 9

Nakumbuka nilipokuwa habari ilipotoka, Novemba 9, 2020: chanjo ya Pfizer na BioNTech, zaidi ya asilimia 90. Shirika la Afya Duniani na mamlaka ya dawa ya Marekani walikuwa wameshasema wangeridhika na asilimia 50. Nilisoma habari ile nikarudia, nikitafuta mahali ilipokosewa. Nikalia.

Ilikuwa miezi kumi tangu wanasayansi wa China walipochapisha vinasaba vya kirusi, Januari 2020. Watu husema imefanyika haraka mno, na mama pia alisema hivyo. Nilimweleza kwamba miezi kumi ile ilisimama juu ya miaka mingi. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 namna ya kuifanya mRNA, ule ujumbe wa kinasaba ambao chanjo hii inautumia, isiuchokoze mwili kupita kiasi. Waliochunguza MERS, ugonjwa mwingine wa jamii ya korona, walikuwa wamejua jinsi ya kuishikilia ile protini ya miiba ya kirusi ili isijikunje kabla kinga haijaiona. Walikuwapo watu waliofanya kazi miaka yote hiyo juu ya jambo ambalo halikuwa na wateja, na tulipowahitaji walikuwa tayari.

Kisha Desemba 8, kule Coventry, Margaret Keenan, mwenye miaka 90, akachomwa sindano ya kwanza ya chanjo hiyo ya Pfizer nje ya majaribio. Mama alitazama video hiyo akasema, "Huyu ananizidi umri," kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa mlango.

Mashaka yangu sijayatupa. Februari Afrika Kusini ilisitisha kutumia chanjo ya AstraZeneca baada ya majaribio madogo kuonyesha haizuii sana ugonjwa mwepesi unaoletwa na kirusi cha huko. Mwezi huu nchi kadhaa za Ulaya ziliisimamisha kwa siku chache kwa sababu ya damu kuganda, hadi mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipotamka Machi 18 kwamba faida yake inazidi hatari. Chanjo ya Johnson & Johnson ilizuia ugonjwa kwa asilimia 72 Marekani na 57 Afrika Kusini. Lakini ugonjwa mkali iliuzuia kwa asilimia 85, na hapo ndipo narudi kwa wale waliotiwa virusi puani na wasiumwe. Kama chanjo itaruhusu mama akohoe siku tatu na kumzuilia ile namba kwenye kidole isishuke, mimi sina cha kudai zaidi.

Na kwa waliokwisha kuugua kuna habari njema, ambayo wengi hawajaisikia. Utafiti uliotoka Marekani mwezi huu unaonyesha kwamba mtu aliyepona akipata dozi moja tu ya chanjo ya mRNA, kingamwili zake hupanda haraka hadi kufikia au kupita za mtu ambaye hakuugua na amepata dozi mbili. Kile mwili ulichojifunza kwa shida kinaamshwa na kuimarishwa, bila shida nyingine.

## Nilichomjibu

Nilimpigia mama nikamwambia hakuna pande mbili. Nikamwambia umri wake una namba yake na namba hiyo si nzuri kama ya dada. Nikamwambia asiende tena kukaa na mgonjwa chumbani kwa kuwa eti amevuka, na kwamba zamu yake ikifika atachanjwa, kuugua kwake kusiwe sababu ya kumpisha mwingine. Alinyamaza, akauliza, "Na dada yako?" Nikasema naye pia. "Basi aanze yeye," akasema. Tukabishana juu ya hilo kwa muda, kila mmoja akiwa na hoja nzuri, na wote tukibishania kitu ambacho hatuna.

Katikati ya Februari Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema nchi kumi zilikuwa zimetumia asilimia 75 ya chanjo zote, na nchi zaidi ya 130 hazikuwa zimepata hata dozi moja. Wiki moja baadaye ndege ya kwanza ya COVAX, mpango wa kugawana chanjo duniani, ilishusha dozi 600,000 Ghana. Nilifurahi kama jambo langu mwenyewe. Kisha nikawaza wauguzi wangapi duniani wanaugua mara ya pili huku vijana wenye afya wa nchi nyingine wakipangiwa siku ya sindano. Hiyo hasira ina pa kwenda, maana hapa si miili ilivyo. Ni maamuzi ya watu.

Dada amerudi zamu wiki hii. Anafanya kazi vilevile kama Machi iliyopita: barakoa, gauni, kunawa, kufungua madirisha. Orodha ya watakaochanjwa kwanza hospitalini kwao imeshaandikwa na jina lake limo. Dozi hazijafika.